Ekari nane za Mwakirunge: shamba linaweza kufungwa lisigeuke ploti?

SWALI

Asalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Kisauni. Marehemu baba alituachia shamba la ekari nane kule Mwakirunge. Lina minazi, miembe na mihogo, na upande wa bondeni kuna unyevu, ndipo mama analima mchicha na mabamia. Tuko mama, sisi mabinti watatu na kaka zetu wawili. Hati bado iko kwa jina la baba. Majirani wa pande zote mbili wamekata ploti. Kaka mkubwa anataka tuuze, na nimesikia ameshapokea arbuni kwa dalali. Nimesoma kwamba huko Marekani mkulima hulipwa ili shamba lake lisijengwe kamwe. Je, kwetu kuna njia ya kisheria ya kulifunga shamba libaki shamba, hata sisi tukishakufa?

JIBU

Waaleikum salaam, dada. Njia zipo, na iliyo na nguvu zaidi hapa Pwani ni kongwe kuliko hiyo ya Marekani. Shida ni kwamba hakuna hata moja utakayoweza kuitumia kesho asubuhi. Anayelifunga shamba ni mwenye shamba, na daftari la ardhi linasema mwenye shamba ni marehemu baba yenu. Mashamba mengi ya bara ya Kisauni na ya Likoni yameponyokea hapo hapo, kwenye hati ambayo jina lake halikubadilishwa, kabla tajiri yeyote hajaleta tingatinga.

Hicho ulichokisoma kinaitwa ununuzi wa haki ya kujenga. Kaunti ya Suffolk, jimbo la New York, ilianzisha mpango huo 1974. Shamba linathaminiwa mara mbili: lingeuzwa kwa wajenzi lingeleta ngapi, na lingeuzwa kwa mkulima mwenzake lingeleta ngapi. Kaunti inamlipa mwenyewe ile tofauti. Yeye anabaki na shamba lake, analima, anarithisha, hata akitaka kuuza anauza, ila haki ya kujenga nyumba pale imeshanunuliwa na hairudi. Wengine hawakutaka kulipa mtu. British Columbia, kule Kanada, ilitunga sheria 1973 ikatenga ardhi ya kilimo ya jimbo zima, na anayetaka kuitoa humo sharti aombe idhini kwa tume.

Hayo ya kulipwa, hapa kwetu, yasahau. Chukua ekari moja tu. Inatoa ploti nane za futi hamsini kwa mia, au saba ukiacha njia ambayo gari la maji taka linaweza kupita. Hakuna mkulima atakayenunua ekari ya mihogo kwa bei ya ploti saba, hata awe mpenzi wa minazi namna gani. Lile pengo, mara ekari nane, mara mashamba yote yaliyobaki kuanzia Utange hadi Mtongwe, lingemaliza bajeti ya kaunti yenye watu 1,208,333 kwa hesabu ya 2019, waliobanana kwenye nchi kavu ya takriban kilomita za mraba 220. Simwoni mwakilishi wa wadi atakayesimama bungeni kutetea matumizi hayo wakati watu wake hawana maji mferejini.

Kenya ina kitu kinachofanana nacho kwa mbali. Sheria ya mazingira ya 1999 inaruhusu mtu kwenda mahakamani kuomba ardhi fulani iwekewe masharti ya kuhifadhi mazingira, ya milele au ya muda, na masharti hayo yakasajiliwa juu ya hati. Atakayeinunua ardhi baadaye anayarithi. Nakwambia ili usije ukauziwa na wakili kama dawa ya kila kitu. Isome orodha ya mambo ambayo masharti hayo yanaweza kulinda: mimea na wanyama, maji, mandhari, maeneo ya wazi, mapito ya wanyamapori. Kilimo kimo kwenye orodha hiyo, lakini kimo kama jambo linaloweza kuzuiwa! Waliotunga sheria walikuwa wakiwaza kulinda msitu dhidi ya shamba. Kwamba shamba nalo lingehitaji kulindwa dhidi ya nyumba halikuwajia. Bonde lenu lenye unyevu lingeweza kuombewa ulinzi huo kwa hoja ya maji. Minazi ya juu, sidhani.

Basi turudi kwa baba.

Kwa kuwa nyinyi ni Waislamu, mirathi yenu inagawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi inaweza kuisikiliza ikiwa nyote mtakubali kwenda huko. Hesabu yenu imekaa vizuri ajabu. Mama anapata thumuni, yaani moja ya nane. Inayobaki wanagawana watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke sehemu moja: kaka wawili ni sehemu nne, nyinyi watatu ni sehemu tatu, jumla saba. Saba ya nane kugawa kwa saba ni moja ya nane. Kwa hivyo mama ana ekari moja, kila binti ana ekari moja, kila kaka ana ekari mbili. Hapo nimechukulia kwamba baba hakuwa na mke mwingine, hakuacha deni wala wasia, na kwamba babu na bibi waliomzaa walitangulia kabla yake. Kama sivyo, Kadhi atazipanga upya.

Itazame hesabu hiyo tena. Kaka zako wakiamua kuuza vyote vyao, wana nusu ya shamba. Nusu ya pili ni ya wanawake wanne wa nyumba hiyo. Nimeona familia nyingi ambapo kaka mkubwa huzungumza na dalali kana kwamba ekari zote ni zake, na dada zake wananyamaza kwa kuwa wanaona ni aibu kudai. Mkinyamaza, mmeuza. Wala msikubali ule mpango wa kuandikisha shamba lote kwa jina la kaka ili kupunguza gharama, eti tutaelewana wenyewe. Ofisi ya ardhi haijui mlivyoelewana.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni cheti cha kusimamia mirathi, kithibitishwe na mahakama, kisha hati iandikwe upya. Hapa mna uamuzi wa kufanya ambao watu wengi huupita mbio. Mnaweza kukata vipande sita, kila mtu na hati yake, au mnaweza kusajiliwa nyote sita kwenye hati moja, kila mtu na hisa yake ikionekana: huyu moja ya nane, yule mbili ya nane. Mawakili wengi, na kila dalali, watawaambia mkate. Mimi nasema msikate, angalau kwa sasa.

Sababu iko kwenye Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 91. Wamiliki wa pamoja wenye hisa zilizotajwa hawawezi kuuza hisa zao kwa mtu wa nje bila idhini ya maandishi ya wenzao. Mwenye hisa anaweza kumuuzia mwenzake aliye ndani ya hati, lakini mgeni haingii ila nyote mtie sahihi. Kwa familia yenu hiyo ni kufuli ya bure, tayari imo kwenye sheria. Kaka akileta mnunuzi, mnunuzi akifanya serchi atakuta majina sita, na wakili wake mwenye akili atamwambia aondoke.

Ina mianya miwili. Sheria inasema idhini isinyimwe bila sababu ya maana, kwa hivyo kukataa tu kwa chuki hakutoshi. Tena mwenye hisa yeyote anaweza kumwomba msajili agawe ardhi apate kipande chake. Kwa hiyo kaka akiazimia kweli, atakatiwa ekari zake mbili. Ndiyo maana nataka muwe na makubaliano ya pembeni yaliyoandikwa na wakili, yenye mambo matatu: kwamba anayetaka kuuza atawapa kwanza ndugu zake nafasi ya kununua; kwamba bei itatolewa na mthamini aliyesajiliwa, asiwe wa dalali; na kwamba ndugu wanaonunua watalipa kwa awamu, kwa miaka mnayokubaliana. La kwanza si geni kwetu, wazee wakiliita shufaa. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayoifanya shufaa itekelezeke, kwa sababu ndugu wengi wangependa kununua, wanachokosa ni milioni kadhaa kwa mkupuo. Makubaliano hayo yakishatiwa sahihi, mwombe msajili aweke kizuizi kwenye hati ili asiandikishe uhamisho wowote kabla sharti hilo halijatimizwa.

Na hapa niseme jambo ambalo wapenda mashamba wenzangu hawalipendi. Huenda mkalazimika kuuza kidogo ili kubakisha kingi. Kaka mwenye shida ya kweli, ya karo au ya hospitali, hatulizwi kwa hotuba kuhusu ardhi ya wazee. Kama hakuna mwenye pesa za kumnunua, kateni ekari moja mbovu kuliko zote, ile ya matumbawe ambako hata mhogo unakonda, mumlipe, naye atoke kwenye hati. Ila msiuze mbele. Dalali kila mara huanza na kipande kinachogusa barabara, kwa sababu kina bei na kinaonekana kidogo. Kikishaondoka, shamba lililobaki nyuma linahitaji njia ya kupitia. Mnunuzi wa mbele anajenga ukuta. Gari la kuchukua nazi halifiki tena. Na baada ya mwaka mmoja au miwili mnauza na nyuma kwa bei ya kutupa, mara nyingi kwa mtu yule yule.

Sasa wakfu. Hili ndilo jibu la swali lako hasa, la shamba kubaki shamba hata nyinyi mkishakufa.

Wakfu maarufu kuliko wote katika Uislamu ulikuwa wa shamba. Sayyidna Umar alipata ardhi Khaybar, akamuuliza Mtume afanye nayo nini, akashauriwa azuie asili yake na mazao yake ayatoe sadaka. Akaiweka kwa masharti kwamba haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, na msimamizi wake hana kosa akila humo kwa wema. Ukiliweka hilo sambamba na mpango wa Suffolk utaona tofauti ni mbili tu: hakuna anayekulipa, na anayeshikilia ahadi yako si kaunti.

Mombasa ina mazoea ya wakfu ya tangu zamani. Tume ya Wakfu ina ofisi yake hapa hapa, na misikiti, makaburi na nyumba nyingi za Mji wa Kale zimesimama juu ya ardhi ya wakfu. Kilichosahaulika ni kwamba shamba nalo linawakifiwa, na kwamba kuna wakfu wa kheri, unaokwenda moja kwa moja kwa msikiti, madrasa au maskini, na kuna wakfu wa familia, ambao mazao yake wanakula wanao na wajukuu, na ukoo ukikatika yanaenda kwa maskini. Mahakama za wakati wa ukoloni ziliukataa huu wa pili kwa madai kwamba kunufaisha ukoo wako si sadaka. Sheria ya makamishna wa wakfu ikaja kuutambua, mradi mwisho wake uwe ni jambo la kheri lisilokoma.

Yako mambo ambayo Kadhi atakuuliza, nawe uende ukiwa nayo kichwani. Unaweza kuwakifu kilicho chako tu, yaani ekari yako moja, na mama yake, na dada zako zao. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi hapa Pwani, hisa ambayo haijakatwa inaweza kuwakifiwa, lakini kwa usajili wa kisasa ni heri mkate kipande kinachojulikana. Nilisema msikate; kwa ajili ya wakfu, kateni. Nyinyi wanawake wanne mkishikana mna ekari nne za kipande kimoja, na ningependa zichukue bonde lote. Kwa Shafii pia, kauli yenye nguvu ni kwamba mtu hajiwakifii mwenyewe, kwa hiyo mama hawezi kuandika kwamba yeye ndiye atakayekula mazao ya wakfu wake. Anaweza kuwaandikia wajukuu, naye akawa msimamizi, mutawalli, mwenye malipo ya kazi yake. Na kama mama ni mgonjwa wa maradhi ya kufisha, wakfu wake utapimwa kama wasia, usizidi theluthi ya mali yake.

Kosa ninaloliona mara kwa mara kwenye hati za wakfu ni ufupi. Zinasema shamba ni wakfu wa watoto wa fulani kisha maskini, basi. Hazisemi shamba litumikeje. Anakuja mutawalli wa kizazi cha tatu, anaona vibanda vya kupangisha vitaleta pesa kuliko nazi, anakodisha ardhi kwa wajenzi kwa miaka mingi, na hajavunja sharti lolote kwa sababu halikuandikwa. Mafakihi wana kanuni kwamba sharti la mwenye kuwakifu lina uzito kama maandiko ya sheria. Itumieni. Andikeni kwamba ardhi italimwa au itabaki na miti. Kwamba haitachimbwa mawe wala udongo. Kwamba nyumba zinazoruhusiwa ni ya mtunza shamba na ghala. Kwamba haitakodishwa kwa zaidi ya miaka kadhaa kwa mara moja. Na kwamba mutawalli atasoma hesabu mbele ya familia kila mwaka. Halafu isajilini kwa Tume na kwenye hati. Wakfu wa mdomo ulitosha zamani, mashahidi walipokuwa majirani. Majirani wenu wa leo wamenunua ploti mwezi uliopita.

Jueni pia kwamba wakfu haurudi nyuma. Mkiwa na shaka hata kidogo, kama mmoja wenu ana watoto wadogo na hana kitu kingine duniani, asiwakifu. Abaki na hisa yake ndani ya makubaliano ya familia.

Kwa msomaji asiyekuwa Mwislamu mwenye tatizo kama hili, sheria ya wadhamini ilirekebishwa 2021 ikaruhusu wazi amana ya familia, ambapo shamba linashikwa na wadhamini kwa niaba ya kizazi kilichopo na kijacho. Masharti yale yale ya matumizi yaandikwe humo. Kampuni ya familia siipendekezi sana. Hisa za kampuni zinauzwa kimyakimya kuliko ardhi.

Kufuli yenu ikishafungwa, bado mna majirani. Kugeuza shamba kuwa makazi, na hata kulikata tu, kunahitaji kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019. Mwombaji anatakiwa kuutangazia umma na kuwapa watu nafasi ya kupinga. Tangazo lenyewe mara nyingi ni kibao cha bati kwenye mti au mistari minne kwenye gazeti ambalo hakuna mtu Mwakirunge anayelinunua, na muda unaopewa ni siku chache, kwa kawaida 14. Zaidi ya hapo, maombi yasipojibiwa ndani ya siku 60 yanahesabiwa kuwa yamekubaliwa. Kimya cha ofisi kinamfaa mwenye kuomba, kamwe hakiwafai nyinyi. Mtu mmoja katika eneo lenu awe na kazi ya kupita ofisi ya mipango kila mara akiuliza ni namba gani za ardhi zimeombewa mabadiliko.

Mkipinga, pingeni kwa mambo ambayo afisa anaweza kuyapima. Ukiandika kwamba tunapenda mazingira yetu ya asili, barua itaingia kwenye faili na kulala. Ukiandika kwamba mlima wa jirani ukijengwa nyumba 24, maji ya masika ambayo sasa yananywewa na mchanga yatateremka kwenye bonde namba fulani, na kwamba vyoo 24 vya shimo vitakuwa juu ya kisima kilicho umbali wa hatua kadhaa, na ukaambatisha picha ya bonde hilo mwezi wa Mei, hapo umempa kazi. Msiporidhika na uamuzi wa kaunti mna siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya ardhi ya kaunti, na baada yake Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Aliyeanza kujenga bila kibali chochote ametenda kosa lenye faini ya hadi shilingi 500,000.

Kaunti inatakiwa pia kuwa na mpango wa miaka kumi wa matumizi ya ardhi yake, na Katiba, kifungu cha 66, inaipa serikali uwezo wa kusimamia namna ardhi inavyotumika, hata iwe ya mtu binafsi. Hapo ndipo ile njia ya British Columbia inapoweza kuingia kwetu. Kikao cha maoni ya umma kikitangazwa, nendeni na wakulima wenzenu mkiwa na namba za ardhi zenu, mkadai bonde zima liandikwe la kilimo na la kupitishia maji. Mara nyingi wanaofika kwenye vikao hivyo ni wenye ploti peke yao.

Utaambiwa pia habari ya bodi ya ardhi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, ardhi ya kilimo haiuzwi wala kukatwa bila idhini ya bodi, na bodi inaweza kukataa ikiona mgawanyo utapunguza uzalishaji. Ng'ambo ya mpaka, kwenye mashamba ya Kilifi na Kwale, ulinzi huo una maana. Lakini sheria hiyo haihesabu ardhi iliyo ndani ya manispaa kuwa ya kilimo, isipokuwa waziri awe ameitangaza hivyo kwenye Gazeti la Serikali, na Mombasa iliendeshwa kama manispaa hadi 2013. Mwulize wakili kama eneo lenu liliwahi kutangazwa. Kama lilitangazwa, mna bahati. Kama halikutangazwa, msiitegemee bodi.

Kuna njia nyingine ya kulipoteza shamba bila kuliuza. Ardhi ikikaliwa na mtu mwingine wazi wazi, bila ruhusa, kwa miaka 12, anaweza kwenda mahakamani kuidai iwe yake. Hapa kwetu, ambapo Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwaacha wenyeji wengi bila karatasi kwenye ardhi waliyozaliwa, siwalaumu wanaotafuta pa kukaa, na kule Likoni serikali iliishia kulinunua shamba la ekari 930 na kuwapa hati waliokuwa wakiishi humo. Lakini kwa familia yenye ekari nane, shamba lisilokanyagwa ni shamba linaloondoka. Vivyo hivyo lori la udongo. Kijana anakuja kuomba kuchota kifusi kidogo cha barabara, analipa kwa kila lori, na anapomaliza ameacha shimo ambalo halitaota hata magugu kwa miaka. Mawe ya kuchonga ni mabaya zaidi, kwa sababu yakishatoka hamna tena cha kulinda.

Kwa hivyo lazima shamba liingize kitu. Minazi iliyopandwa umbali wa mita tisa ina nafasi kubwa katikati, na mihogo na kunde hukaa vizuri humo. Kama minazi yenu ni ya enzi za babu na chonga, wale mende wa minazi, wameitoboa vichwa, pandeni mipya kati ya ile ya zamani kabla hamjakata hata mmoja, na waulizeni wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO pale Mtwapa kuhusu miche. Makuti ya kuezekea yana soko la hoteli na mikahawa, madafu yana soko mjini kila siku ya jua. Lakini mwenye pesa ya haraka ni mama yako: mchicha wake unavunwa baada ya wiki chache na soko la Kongowea haliko mbali, wakati mboga nyingine zinazouzwa pale zimesafiri usiku kucha kutoka bara. Ekari ambazo hamuwezi kulima wenyewe, zikodisheni kwa vijana wanaotaka kulima, kwa mkataba wa maandishi wa miaka michache. Mkataba huo unawaletea kodi, na pia unathibitisha kwamba aliyemo shambani yumo kwa ruhusa yenu, jambo linaloua lile dai la miaka 12.

Jambo ambalo hakuna hati itakayolizuia ni serikali kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma. Waliokuwa kwenye mkondo wa reli ya SGR au wa barabara ya Dongo Kundu wanalijua. Wakfu nao haukwepi. Katiba inachodai ni fidia ya haki. Hapo hati iliyo safi, yenye majina yaliyo hai, ndiyo inayoamua nani analipwa na nani anabaki akizunguka maofisini.

Sasa arbuni. Kaka yako hana alichouza. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, uliotiwa sahihi na pande zote na kushuhudiwa, na mali isiyohamishika ya marehemu haiuzwi kabla cheti cha mirathi hakijathibitishwa. Anayejiingiza kwenye mali ya marehemu bila idhini hiyo anatenda kosa la jinai, na hilo mwambie kwa upole, mbele ya mama, kwa sababu nadhani hajui. Mrudishieni dalali pesa zake wiki hii, zote, hata ikibidi mchangie, kwa benki au kwa simu ili kuwe na kumbukumbu, na awape karatasi aliyotia kaka sahihi. Akikataa kupokea, wakili amwandikie. Kisha nendeni na cheti cha kifo, nakala ya hati na vitambulisho vya nyote sita kwa Kadhi, na kaka awe wa kwanza kwenye gari. Mkienda bila yeye, mtakuwa mmemkabidhi tena kwa dalali.